PlayStation imeungua. Je, ligi yetu iliyomo kwenye memori kadi imekwenda nayo?

"Habari za kazi, fundi. Naishi Buswelu, Mwanza. Mwezi uliopita tulikuwa tunapanga upya nyumba ya mama kule Kirumba, wanangu wakavuta boksi kutoka chini ya kitanda. Ndani yake kuna utoto wangu wote na wa kaka yangu: mashine ya gemu ya kaseti na bunduki yake, baba alitununulia 1996, PlayStation ya kijivu aliyotuletea mjomba kutoka Japani mwaka 2000, alikuwa baharia, na PS2 nyembamba tuliyonunua wenyewe 2007 kwa kuchangishana. Kwa haraka zangu nikachomeka ile ya kijivu kwenye soketi ya ukutani. Ikalia 'tah!' mara moja, harufu ikatoka, ikazima. Ndipo nikakumbuka kwamba mjomba alikuja pia na boksi dogo zito la chuma la kuchomekea, ambalo sijui liliko. Mashine ya kaseti inawaka, ila bunduki haiui bata hata mmoja kwenye flat skrini yetu. PS2 nayo inawaka, lakini CD leo inasoma, kesho inagoma. Fundi wa mtaani anasema akiongeza lensi kidogo itakaa sawa. Marehemu baba alikuwa akisema gemu linaua tivi, na kweli tivi yetu ilikufa 2002. Mume wangu anasema hivi vyote ni chuma chakavu. Kinachoniuma mimi ni memori kadi ya ile ya kijivu. Humo imo ligi ya Winning Eleven, lile gemu la mpira, tuliyocheza mimi na kaka misimu sita, mpaka alipoondoka kwenda chuo. Wachezaji tuliwapa majina ya watoto wa mtaa wetu. Kaka yuko Mtwara, anakuja Desemba. Je, ule mlipuko umeifuta kadi? Na betri iliyomo ndani ya kadi si imeshakufa baada ya miaka yote hii? Nitupe, niuze, au nitengeneze?"

Dada yangu, mwangaluka. Umeuliza mambo mengi, na yote nitayafikia, lakini naanza na lile linalokuuma. Kwa uwezekano mkubwa sana ligi yenu ipo. Kilicholia "tah" ni sehemu ya umeme iliyo ndani ya mashine, mafundi tunaiita pawasaplai, na kati ya sehemu hiyo na memori kadi kuna kizuizi ambacho nitakueleza huko chini. Kama kadi haikuwa imechomekwa siku ile, basi haijaguswa kabisa. Kama ilikuwa imechomekwa, bado naweka matumaini yangu upande wa kadi. Ninachokuomba ni kwamba usiichomeke popote mpaka umalize kusoma jibu hili, maana hatari inayoikabili kadi yako sasa hivi haitoki kwenye umeme.

Tuanze na betri. Ndani ya memori kadi ya PlayStation hakuna betri. Watu wengi wanaamini ipo, na najua imani hiyo ilikotoka: kwenye mashine za kaseti zilikuwepo kaseti halisi ambazo ndani yake kulikuwa na betri ya duara bapa, mara nyingi ile ya CR2032 ya volti 3, inayolisha kumbukumbu usiku na mchana. Betri ikifa, kila kitu ulichosevu kinafutika. Kadi yako ni ya kizazi kingine. Inatumia kumbukumbu ya aina ileile iliyomo kwenye flashi: chaji ya umeme inafungiwa ndani ya vyumba vidogo mno vilivyozungushiwa ukuta usiopitisha umeme, inabaki humo bila kulishwa. Chaji hiyo huvuja, ndiyo, lakini kwa polepole ya ajabu, na kadi za miaka ya tisini zinazopita mikononi mwangu bado zinafunguka. Ujazo wake ni kilobaiti 128 tu, umegawanywa mafungu 16 ya kilobaiti 8. Fungu la kwanza ni orodha ya yaliyomo, 15 yanayobaki ndiyo mliyokuwa mkigombania na kaka yako. Naamini mnakumbuka ule ugomvi wa kufuta sevu ya mwenzako ili yako ipate nafasi.

(Kaseti yenu ya 1996, kama ni zile zilizoandikwa gemu 9999 ndani ya moja, haina betri wala haikuwahi kusevu kitu. Na gemu zenyewe hazikuwa 9999. Zilikuwa chache zinazojirudia kwa majina mengine, nyingine zinaanzia hatua ya pili au zinakupa maisha ya ziada. Mimi na wenzangu pale Igogo tulikaa likizo nzima tukizihesabu kwa daftari, tukaacha tulipogundua kwamba tumeshapita mahali palepale mara kadhaa.)

Sasa hatari yenyewe. Kadi iliyokaa miaka chini ya kitanda Kirumba, mita chache kutoka Ziwa Victoria, ina unyevu na ukungu kwenye meno yake ya shaba. Ukiichomeka hivyo, mashine inajaribu kusoma lile fungu la kwanza la orodha, inapata herufi zilizokatikakatika, na kwa kuwa haielewi inachokiona inahitimisha kwamba kadi ni mpya. Ndipo ujumbe unatokea kwenye skrini: kadi hii haijafomatiwa, je, uifomati? Ukibonyeza ndiyo, mashine inaandika orodha mpya tupu juu ya ile ya zamani. Kadi ilikuwa nzima, meno yalikuwa machafu tu, na wewe ndiye umeifuta.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya. Mwaka 2005 kijana aliniletea mashine iliyokuwa inazimazima, na kadi yake ikiwa ndani. Baada ya kutengeneza nikawasha kuijaribu, ujumbe ukaja, nikabonyeza ndiyo bila kufikiri, kama mtu anayefunga mlango. Kijana alipokuja jioni akakuta mashine inafanya kazi vizuri na kadi haina kitu. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama kuna namna ya kuirudisha, na kwa vifaa nilivyokuwa navyo wakati ule haikuwepo. Tangu siku hiyo mteja akileta mashine, jambo la kwanza ninalofanya mbele yake ni kuchomoa kadi na kumrudishia mkononi.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi; baadhi ya maduka ya dawa wanayo, na wauza vifaa vya kutengenezea simu karibu wote wanayo. Lowesha kijiti cha masikioni kidogo tu, kisiwe kinadondosha, pitisha kwenye meno yaliyo kwenye uwazi wa kadi, rudia kwa kijiti kipya mpaka kitoke cheupe. Acha ikauke nusu saa. Usipulize kwa mdomo. Najua sote tulikua tukipuliza kaseti, na najua zilikuwa zinawaka baada ya kupulizwa, lakini kilichosaidia ni kule kuzitoa na kuzirudisha, meno yakasuguana upya. Pumzi yenyewe ilikuwa inaongeza mate na unyevu, na kaseti nyingi ninazofungua zina kutu ya kijani mahali palepale tulipokuwa tunapulizia.

Baada ya hapo huihitaji ile mashine iliyoungua. PS2 yako inasoma kadi ya PlayStation ya kwanza. Tundu ni lilelile. Iwashe bila CD yoyote ndani. Utapata chaguo mbili, nenda kwenye Browser, kadi zitaonekana pale. Fungua kadi ya zamani na utaona vipicha vidogo, kila kimoja cha nukta 16 kwa 16, kimoja kwa kila sevu, na jina lililoandikwa Kijapani. Ukikiona kipicha cha mpira, kaa chini kwanza. Kisha chomeka kadi ya PS2 kwenye tundu la pili, ile nyeusi ya megabaiti 8, chagua sevu na uinakili huko. Ligi nzima ya misimu sita itachukua kipande kidogo mno cha kadi hiyo. Ikiwezekana nunua pia kadi nyingine ya PlayStation ya kwanza, unakili na huko, kwa sababu sevu ya gemu la zamani iliyolala kwenye kadi ya PS2 imehifadhiwa tu. Gemu lenyewe haliwezi kuisoma kutoka pale mpaka uirudishe kwenye kadi ya aina yake. Wakati wa kunakili usiguse chochote, na siku hiyo chagua saa ambayo umeme umetulia mtaani kwenu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, orodha inabaki nusu.

Isiposomeka mara ya kwanza, jaribu tundu la pili, kisha safisha tena, hata mara tatu. Ujumbe wa kufomati ukija, jibu hapana na uzime. Ikigoma kabisa, hapo acha na uilete kwa fundi mwenye kifaa cha kusomea kadi kwa kompyuta. Sony wenyewe waliwahi kuuza adapta ndogo ya USB kwa ajili ya PS3 ya kusomea kadi hizi za zamani, na anayeitunza anaweza kutoa nakala ya kadi nzima kama faili moja. Faili la kilobaiti 128 unaweza kumtumia kaka yako Mtwara kwenye simu kabla hajapanda basi.

Nirudi kwenye ule mlio. Umeme wa Japani majumbani ni volti 100. Wetu ni 230. Mashine ya kijivu ya Japani (geuza uangalie stika chini: namba huanza na SCPH, na za soko la Japani kama 7000 huishia na sifuri, wakati ya Ulaya ya kizazi hichohicho ni 7002) imejengwa kupokea volti 100 hizo na si zaidi. Umeme ukishaingia ndani unanyooshwa na kuwekwa kwenye kapasita moja kubwa, fikiria pipa la maji juu ya paa. Kwa umeme wa Japani pipa hilo linajaa mpaka takriban volti 141. Kwa umeme wa Buswelu linasukumwa kuelekea 325. Pipa likapasuka, fyuzi ikakatika, na hiyo ndiyo "tah" yako na harufu yake. Lile boksi zito la chuma la mjomba lilikuwa transfoma ya kushusha umeme, na mjomba alijua kabisa alichokuwa anakileta.

Lakini angalia kilichotokea baada ya hapo. Kati ya upande huo wa umeme mkubwa na mazabodi, yaani ubao mkuu wa mashine, kuna transfoma ndogo, na ndani yake waya za upande mmoja hazigusani kabisa na waya za upande wa pili. Umeme unavuka kwa sumaku tu. Upande mkubwa ukifa ghafla na fyuzi ikakatika, mara nyingi sana upande mdogo, wenye mazabodi na kadi, hauambiwi chochote. Nimefungua mashine nyingi za Japani zilizochomekwa moja kwa moja hapa Mwanza, na zilizokuwa na hali kama uliyoieleza, mlio mmoja na kimya, nyingi ziliamka baada ya kubadilishiwa pawasaplai. Sikuahidi kuhusu yako kabla sijaiona. Zipo zilizochelewa kukata fyuzi, na hizo hazikurudi.

Njia za kuitengeneza ni mbili. Pawasaplai ya mashine hii ni ubao wake peke yake, unafunguka kwa skrubu chache, kwa hiyo fundi anaweza kutoa ubao wa mashine ya Ulaya iliyokufa kwa sababu nyingine na kuufunga humu. Kuanzia hapo mashine itakula volti 230 na hutahitaji boksi la chuma tena. Lazima aangalie idadi ya pini za plagi ya ndani, kwa sababu matoleo yalitofautiana. Njia ya pili ni kubadilisha kapasita, fyuzi na vilivyokufa pamoja navyo, ubao ubaki wa Kijapani, halafu utafute transfoma ya kushusha. Mimi naipenda ya kwanza. Ndani ya nyumba yenye watoto, mashine ambayo itaungua tena siku mtu asiyejua atakapoichomeka ukutani haijatengenezwa. Wewe mwenyewe, tafadhali, usiifungue. Kapasita ile inaweza kubaki na chaji ya kukurusha hata baada ya kuchomoa waya, na haina alama ya kukuonya.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza lakini utalikuta mbele. Kuiona sevu na kuicheza ni mambo mawili. Kuicheza kunahitaji CD ya toleo lilelile la Kijapani. Geuza CD zako. Kama chini ni nyeusi, hizo ni halisi, mjomba alizinunua dukani. Kama ni za fedha au zina kijani, ni za kukopi, na hapo mashine yenu ilikuwa imechipiwa, yaani imewekewa chipu. Karibu kabisa na tundu la katikati ya CD halisi Sony waliweka mtikisiko mdogo kwenye mstari wa kusomea, unaotamka herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Mashine za kuchomea CD haziwezi kuandika mtikisiko huo. Chipu inachofanya ni kuidanganya mashine kwa kuitamkia herufi hizo kila inapouliza. PS2 za mwaka 2007 nilizofungua hapa mjini zilikuwa karibu zote zimechipiwa kabla hazijafika kwa mnunuzi, kwa hiyo huenda yako itakubali CD ya Kijapani, huenda isikubali. Kama inakataa, basi hiyo ndiyo sababu yako nzuri ya kuirudisha ile ya kijivu kwenye uhai: ni mashine yenyewe, CD yenyewe, kadi yenyewe.

Kuhusu PS2 na kuongezewa lensi, mwambie fundi wako hapana, kwa heshima. Namwelewa; ni kazi ya dakika kumi na mteja anaondoka anatabasamu. Kinachofanyika ni kwamba pembeni ya lensi kuna skrubu ndogo sana inayopimia umeme unaokwenda kwenye taa ya leza. Ukiizungusha, taa inawaka kwa nguvu kuliko ilivyopimwa kiwandani, CD zinasomeka, na leza inaanza kufa haraka zaidi. Wiki chache au miezi michache baadaye inagoma moja kwa moja, na safari hiyo hakuna skrubu itakayosaidia. Kabla ya yote lensi isafishwe kwa kijiti na spiriti ileile, kwa mguso mwepesi kama unafuta jicho la mtoto. Reli ambazo lensi inateleza juu yake zifutwe grisi ya zamani, ambayo kwa vumbi letu imeshakuwa kama gundi, na zipakwe mpya kidogo. Kisha ziangalie CD unazozijaribia. Za kukopi hutumia rangi ya kemikali ambayo joto na mwanga huiharibu, kwa hiyo inawezekana mashine ni nzima na CD ndizo zilizozeeka. Ikisoma CD na kukataa DVD kila mara, au kinyume chake, hapo leza imechoka kweli, maana kila moja inasomwa kwa mwanga wa aina yake, na dawa ni kubadilisha lensi nzima.

Mwambie pia aangalie mende. Ndani ya mashine kuna joto na giza, kwa mende hiyo ni hoteli. Na kwa sisi wa kando ya ziwa wapo wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi na kufuata taa usiku. Mashine moja iliyotoka Nansio niliifungua nikakuta wamejaa kwenye feni mpaka imeshindwa kuzunguka.

Bunduki yako ni nzima, dada. Sina haja hata ya kuiona. Unapovuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kwa mkupuo mmoja, halafu mahali alipo bata panatokea kisanduku cheupe, kisha picha inarudi. Yote hayo kwa kasi ambayo jicho linaona kama kumweta tu. Bunduki haifyatui chochote. Ni jicho. Inauliza: nimeona giza, je, sasa naona mwanga? Ikiona, bata kafa. Tivi ya kichogo huchora picha mstari baada ya mstari, zaidi ya mistari 15,000 kwa sekunde, na jicho la bunduki limefundishwa kutambua mpigo huo, ili mtoto asiibe ushindi kwa kuielekeza kwenye balbu. Flat skrini haina mpigo huo, mwanga wake umetulia, na juu ya hayo inachelewesha picha kidogo ili kuipanga. Bunduki inaangalia na haioni inachokijua. Suluhisho ni tivi ya kichogo, na bado zipo kwa mafundi na kwenye nyumba za wazee wetu. Ukiipata nzima usimruhusu mtu kuifungua kwa kujaribu. Ndani ya kioo chake kuna makumi ya maelfu ya volti.

Hili la marehemu baba nimelifikiria kuliko mengine yote. Baba zetu wote walisema hivyo. Televisheni huku Bara ilianza 1994. Mzee aliyenunua tivi mwaka ule au miaka miwili baadaye alikuwa ameweka sebuleni kitu cha thamani kuliko chochote ndani ya nyumba, halafu watoto wakaja na waya kutoka dukani wakaanza kuuchomeka nyuma yake. Alikuwa na haki ya kuogopa. Na kulikuwa na chembe ya ukweli: picha isiyosogea, kama namba za pointi kwenye kona, ikikaa masaa mengi kila siku kwa miezi, huunguza unga unaong'aa ndani ya kioo cha kichogo na kuacha kivuli kisichotoka. Niliona vivuli hivyo kwenye tivi za vibanda vya gemu, zilizokuwa zinawashwa asubuhi na kuzimwa usiku. Kwenye tivi za majumbani sikumbuki kukiona hata kimoja.

Sasa niulize mimi: tivi yenu ilikufa msimu gani? Usiku, upepo wa nchi kavu kutoka pande zote za ziwa hukutana juu ya maji yenye joto, hewa inapanda, mawingu yanajengeka, na ndiyo maana ziwa letu ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi zaidi duniani. Antena ya juu ya bati pale Kirumba, waya wake ukiingia moja kwa moja kwenye tivi, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Tivi nyingi nilizopokea miaka ile, wenyewe wakisema gemu limeziua, zilikuwa zimepigwa kwenye tundu la antena au kwenye pawasaplai. Mama huenda anakumbuka kama kulikuwa na mvua. Muulize.

Mume wako anasema chuma chakavu, na kwa bei ya sokoni hakosei sana. Ukiuza vyote vitatu leo hutapata hela ya maana, kwa hiyo kuuza ndilo chaguo ninalolifuta kwanza. Mashine ya kaseti iache kama ilivyo, haina gharama. Ila uangalie adapta yake, zile za bei rahisi zilikuwa zinachemka. Isiposhikika kwa joto baada ya robo saa, badilisha. PS2 itunzie watoto: ukitumia kigeuzi kidogo cha kuingiza waya wa rangi tatu kwenye HDMI picha itakuja, haitapendeza kama mnavyoikumbuka kwenye kichogo, na pedi itachelewa kidogo kuitika. Watoto hawatajali. Kaka yako atajali.

Na mimi nimemiliki mashine zangu. Ya kaseti niliyonunuliwa na shangazi, PlayStation ya mtumba niliyoinunua 2001 kwa mshahara wangu wa kwanza wa ufundi, PS2, na sasa PS4 ambayo ni ya mwanangu kuliko yangu. Ile ya kwanza ilikufa, nikaivunja nijifunze. Sijutii, kazi yangu yote ilianzia hapo. Lakini picha za vichwani mwetu hazikai kwenye plastiki, na ukinilazimisha niseme ningerudishiwa nini, ni kibanda cha pale Mlango Mmoja, shilingi mia mezani, watoto kumi kwenye benchi la watu wanne, na mtu anayetangaza mpira kwa sauti kama yuko uwanjani Kirumba wakati wachezaji kwenye skrini wana majina ya Kijapani. Nyinyi wawili mliyaandika majina ya watu wenu kwenye kadi, mkayasevu. Ndiyo sababu naweka mkazo wote huu kwenye kitu cha ukubwa wa kiberiti.

Kama sevu ikionekana kwenye PS2, tengeneza nakala, kisha amua kuhusu ile ya kijivu kwa utulivu. Una muda mpaka Desemba. Peleka kwa fundi kama inanuka hata ikiwa haijachomekwa, kama kuna mafuta au unga umevuja chini yake, au kama swichi ya ukutani nayo ilishuka siku ile. Mwulize kabla hajaanza: anabadilisha pawasaplai nzima, au anaunga fyuzi na kuwasha? Anayeunga fyuzi bila kuangalia kapasita, chukua mashine yako uondoke. Uje nayo na waya wake, CD zake na pedi moja. Kadi iache nyumbani.